Kijiji, Mji Mdogo na Jiji: Maneno ya Mipango na Historia ya Makazi katika Bara ya Lindi



Mwanaisimu akialikwa kutoa mhadhara wa hadhara hutarajiwa kuzungumzia fonolojia, sarufi au, akiwa mchangamfu kidogo, methali. Mipango ya maendeleo ya mikoa huachiwa wanauchumi na wanajiografia. Naomba radhi basi kwa kuingia katika shamba la wenzangu. Sababu yangu ni kwamba kila mpango uliowahi kupangwa juu ya makazi ya nchi yetu ulipangwa kwa maneno, na maneno hayo tunayo sisi. Yamo katika kamusi zetu, mengine tumeyasanifisha wenyewe, lakini hatujayachunguza kwa kiasi kinachostahili.

Swali langu la leo ni dogo: mahali kama Nyangamara ni kijiji au ni mji?

Nyangamara ni kata iliyoko bara ya Lindi, katika eneo la Halmashauri ya Mtama ambayo zamani ilijulikana kama Halmashauri ya Wilaya ya Lindi. Si jina utakalolikuta kwa urahisi katika faharasa za vitabu vya historia. Watu wa upande huo huishi kwa korosho, ufuta na mihogo. Wanaoijua barabara itokayo Mnazi Mmoja kwenda Masasi, inayopita Nyengedi, Mtama, Nyangao na Ndanda, wataelewa aina ya makazi ninayoyakusudia, yawe kando ya barabara hiyo au mbali nayo. Si shamba tupu, wala si mji wa maghorofa. Pana maduka machache, mashine ya kusaga, zahanati, shule, msikiti au kanisa, ghala la chama cha msingi. Na siku ya gulio watu hufurika kutoka vitongoji vyote vya jirani. Nakusudia kuonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja makazi ya namna hii yamerukwa na karibu kila mpango uliopita kusini, na kwamba msamiati wetu umeshiriki katika kuyaruka.

1. Mji kabla ya mipango

Katika kamusi ya Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan ya 1903, mji umeelezwa kuwa ni mkusanyiko wa makao ya watu bila kujali wingi wake. Msomaji wa leo anaweza kudhani kuwa hiyo ni kasoro ya watunga kamusi. Sivyo. Ndivyo neno lilivyotumika. Mji haukupimwa kwa idadi ya watu bali kwa kuwa na wenyewe, na hao wenyewe ndio waliotupa neno mwenyeji, yaani mwenye mji. Mgeni alipoingia mahali penye nyumba kumi alikuta wenyeji, na palipokuwa na wenyeji palikuwa na mji.

Maana nyingine za neno hili zinasaidia. Akina mama wa pwani wanajua kuwa kanga ina pindo na ina mji, na mji wa kanga ni ile sehemu ya katikati inayozungukwa na pindo. Katika lugha ya wakunga, mji, au mji wa mimba, ni mfuko wa uzazi. Siwezi kudai kwamba maana zote hizi zilizaliwa kwa mpango mmoja, lakini zinakubaliana katika jambo moja: mji ni sehemu ya ndani inayobeba, na kilicho pembeni hupata umbo lake kutokana nayo. Ukubwa haumo.

Sasa tutazame umbo la neno. Mzizi ni -ji, nao una silabi moja. Mizizi ya namna hii inapotiwa katika udogo huchukua ki- na kuongezewa -ji- katikati: mti huzaa kijiti, mto huzaa kijito, mtu huzaa kijitu. Kwa kanuni hiyohiyo, mji huzaa kijiji. Ukiutia katika ukubwa unapata jiji, kama mtu anavyozaa jitu. Kwa hiyo kijiji, mji na jiji ni neno moja lililovaa nguo tatu, na tafsiri sahihi kabisa ya kijiji, kwa mujibu wa sarufi, ni mji mdogo. Naomba mliweke jambo hili akilini, kwa sababu huko mbele tutakutana na sheria inayosema kwamba kijiji ni kitu kimoja na mji mdogo ni kitu kingine, na tofauti kati yao inaweza kumnyima mtu mikorosho yake.

Pwani ya kusini yenyewe ina historia ndefu ya miji kuhamahama. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliikuta Kilwa ya kisiwani, iliyotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Katika karne ya 19 Kilwa iliyovuma ilikuwa Kivinje, mwisho wa njia za misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na Wajerumani wakaifanya Kivinje makao yao ya wilaya. Leo ofisi za wilaya ziko Masoko. Kilwa tatu, na kila moja ilipanda na kushuka kufuatana na nani alishika biashara na ilipitia wapi. Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, imekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mji uliokuwa mkubwa kuliko yote sasa unatajwa kwa magofu yake. Watu wa pwani, kwa hiyo, hawakuhitaji kufundishwa kwamba mji unaweza kukua na kufa. Walichokuwa hawajakiona ni mji kupangwa na mtu asiyekusudia kukaa humo.

2. Pamba, karanga na reli

Utawala wa Wajerumani ulikuja na maakida na majumbe, na kuanzia 1902 ukaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe hao. Watu walilazimishwa kulima kwa malipo yasiyo na maana. Matokeo yanajulikana: mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Sitakaa sana hapo, kwani wanahistoria wamekaa vya kutosha. Nataka tu kukumbusha kwamba mpango huo wa kilimo cha biashara uliwaona watu kama mikono, na haukuwa na swali lolote kuhusu mahali watakapouzia, watakaponunulia wala watakapokutania.

Mpango wa karanga ni kisa kingine, na hapo napenda kutulia kidogo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga kwa mashine, hasa Tanganyika, kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilibidi ijengwe reli na bandari. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari yenye kina kirefu ikajengwa Mtwara, ikaunganishwa na reli hiyo mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwishavunjwa tangu Januari 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Bandari na reli vilikamilika miaka mitatu baada ya kufa kwa shehena iliyosababisha vijengwe. Mwaka 1962 reli ilifungwa, kisha mataruma yakang'olewa.

Lindi iliumia kwa namna ya pekee. Ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao hayo yakahamishiwa Mtwara kufuata bandari mpya. Bara ya Lindi nayo, ambako reli ilipita, ilipata nini? Vituo viliwekwa kwa mahitaji ya injini na ya mashamba makubwa, si kwa mahali ambapo watu walikuwa wakikutana kwa biashara zao. Iliposimama reli, vilisimama navyo. Huko Nachingwea lipo eneo liitwalo Farm 17, ambalo baadaye lilipata sifa nyingine kabisa kwa kuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Jina hilo ni masalio ya hesabu ya mashamba ya karanga. Mwanaisimu anayekusanya majina ya mahali hukutana kusini na majina kama Nyangao, Nyangamara na Nyengedi, yenye kufanana mwanzo wake, yanayotokana na lugha za wenyeji. Halafu ghafla hukutana na namba. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa namna mpangaji alivyoiona nchi.

Nimetaja neno mpangaji. Mjini, mpangaji ni mtu anayekaa katika nyumba ya mwenzake kwa kulipa kodi. Ofisini, mpangaji ni mtaalamu wa mipango. Wote wawili wametokana na -panga, na wanafunzi wangu hucheka kila ninapowaeleza kuwa lugha imewaweka chumba kimoja. Wa kwanza lakini hulala humo anamopanga.

3. Vijijini na mikoani

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ulitolewa waraka ulioitwa Ujamaa Vijijini. Azimio lenyewe lilikuwa limeonya kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa jasho la mkulima, na kwamba upo uwezekano wa watu wa mjini kuwanyonya wa shamba. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli mwingi, na sina nia ya kuipinga. Ninachotaka tukione ni athari yake katika lugha. Mji, ambao hapo awali haukuwa na ukubwa wala udogo, sasa ulipewa maadili. Mji ulikuwa upande wa unyonyaji, kijiji upande wa utu. Mahali palipokuwa katikati, penye maduka saba na gulio la kila wiki, palikosa pa kusimama. Je, mwenye duka wa Mtama alikuwa mnyonyaji au mwanakijiji? Msamiati wa wakati huo haukumruhusu kuwa vyote viwili, ingawa mara nyingi alikuwa na shamba la mikorosho kama jirani yake.

Wakati huohuo, Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa iwe chachu ya maendeleo nje ya Dar es Salaam: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Fikra hiyo ilikuwa na asili Ufaransa, katika maandishi ya mwanauchumi François Perroux ya miaka ya 1950, aliyeona kwamba uchumi haukui kila mahali kwa pamoja bali huanzia katika ncha fulani, kisha husambaa. Mjerumani Walter Christaller, kabla yake, mwaka 1933, alikuwa ameichunguza Ujerumani ya kusini na kuonyesha jinsi miji midogo ya soko inavyojipanga kuuzunguka mji mkubwa, kila mmoja ukihudumia vijiji vyake. Kwa maoni yangu tulimchukua Perroux na kumwacha Christaller. Kusini ilipata Mtwara juu na vijiji chini, na ngazi iliyokuwa iviunganishe haikuwekwa.

Kwa Kiswahili tumezoea kusema kwamba mji fulani ni kitovu cha uchumi. Neno hilo limekaa vizuri mdomoni, lakini limebeba zaidi ya tulichokusudia. Kitovu cha mtu huzikwa alikozaliwa, na ndiko anakorudi. Kitovu hakivuti damu kutoka pembeni kuipeleka katikati. Kazi yake ilikuwa kumlisha mtoto. Wapangaji walipolitumia neno kitovu walikusudia mahali ambapo mali hukusanyika. Wasikilizaji wao, nadhani, walisikia kitu kingine.

Mkoa wa Lindi ulizaliwa mwaka 1971 kwa kutengwa na Mtwara. Mwaka uliofuata ukaja uamuzi uliopewa jina la Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na watumishi kutoka wizarani wakapelekwa mikoani na wilayani kupanga maendeleo. Tazama viambishi: Ujamaa Vijijini, Madaraka Mikoani. Kiambishi -ni kinaonyesha mahali kitu kilipo au kinapoelekea. Hakionyeshi mwenye nacho. Madaraka yalikwenda mikoani kama mzigo unavyokwenda ghalani. Halmashauri zilizovunjwa zilirudishwa kwa sheria za 1982, nitakazozirejea.

Katikati ya hayo ndipo zilipofanyika operesheni za kuhamishia watu vijijini. Kusini ilikuwa imetangulia. Vita vya ukombozi ng'ambo ya Mto Ruvuma viliwafanya viongozi watake watu wakae pamoja mapema, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mtwara, ikiwemo Lindi kabla haijatengwa, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa idadi ya vijiji vya ujamaa. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Sheria ya 1975 ikakipa kijiji hadhi ya kisheria. Kwa mara ya kwanza kijiji hakikuwa tena mji uliotiwa katika udogo. Kilikuwa chombo chenye usajili, mipaka, mwenyekiti na mhuri.

4. Korosho

Lolote lisemwalo kuhusu uchumi wa bara ya Lindi lazima lipitie kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, kiasi kilichoiweka miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa na zilisaidiana: bei ndogo aliyolipwa mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga, na kuhamishwa kwa watu mbali na mikorosho yao. Mkorosho si mhindi. Mhindi humfuata mkulima aendako kwa mbegu mkononi. Mkorosho hubaki ulipo, na usipopaliliwa nyasi huwaka moto na mti nao. Aliyehamishiwa kilomita kumi kutoka shambani kwake aliambiwa kwamba amesogezwa karibu na maendeleo. Na kweli alisogezwa karibu na shule na zahanati, jambo ambalo wazee wengi wa huko hulikubali mpaka leo bila kinyongo. Mikorosho ndiyo haikusogezwa.

Katika kipindi hichohicho, kwa mikopo ambayo sehemu yake ilitoka Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda vya kubangua korosho katika mikoa ya kusini na kwingineko. Katika Mkoa wa Lindi, mbali na Lindi mjini, viliwekwa Nachingwea na Mtama. Kwa mara moja, basi, mji mdogo wa bara ulipewa kiwanda. Ningependa kusema kuwa hii ilikuwa sahihisho la kosa la nyuma. Lakini mashine zilikamilika wakati korosho zimekwisha. Kiwanda kilichotegemea maelfu ya tani kilikosa cha kubangua, na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kukusanya zao, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Baadaye, katika enzi ya ubinafsishaji, baadhi ya viwanda vya namna hiyo viliishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli ya kwenda India. Reli ilikuwa imejengwa kungoja karanga. Viwanda vilijengwa kungoja korosho.

Mavuno yalifufuka tangu miaka ya 1990, kwa soko huria na salfa. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho kwa chama chake cha msingi, zikapelekwa ghala kuu, zikauzwa kwa mnada. Hapa lipo neno ninalolipenda kuliko yote katika mhadhara huu, nalo ni kangomba. Ni neno la kusini, lililokuwa halijulikani Dar es Salaam mpaka msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, jeshi likasafirisha, na vyombo vya habari vikajaa habari za kangomba. Kangomba ni kumnunulia mkulima korosho kabla ya msimu, au nje ya chama, kwa kipimo cha chombo na kwa bei ya shida yake. Ni haramu kisheria. Hata hivyo neno hili linatuambia kitu ambacho ripoti hazikisemi. Mnunuzi wa kangomba ni mtu wa pale pale: mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mwenye pikipiki. Yeye ndiye benki ya mji mdogo. Mwezi wa tatu, mtoto anapoumwa na stakabadhi ni ya mwezi wa kumi na moja, ndiye peke yake mwenye fedha mkononi. Anayetaka kuiondoa kangomba bila kuweka kitu mahali pake katika mji mdogo atapata tabu, na wengi wameipata.

5. Wafadhili na walengwa

Katika miaka ya 1970 kila mkoa ulitakiwa uwe na mpango wake wa pamoja wa maendeleo, na kila mkoa ukatafutiwa mhisani: Tanga ikapata Ujerumani Magharibi, Kilimanjaro Japani, Rukwa Norwe, Iringa Jumuiya ya Ulaya. Lindi na Mtwara ziliangukia kwa Wafini, waliokuwa wameanza na maji. Wafini walirudi mwaka 1988 na mradi wa kusaidia maendeleo ya vijijini uliodumu hadi 2005, muda mrefu kwa kipimo cha miradi.

Miaka hiyo ilituachia msamiati. Mfadhili ni mtenda fadhila, na fadhila hailipwi ila kwa shukrani. Mradi limetokana na Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kinachotakiwa au kilichokusudiwa; bado tunalisikia katika ilimradi. Swali la nani alitaka limepotea njiani. Mlengwa ni neno la mwindaji: -lenga ni kuelekeza mshale. Wanakijiji walipogeuka kuwa walengwa hakuna aliyeshtuka, nami nakiri kwamba nilikuwapo katika vikao vya kusanifisha istilahi na sikushtuka pia. Halafu likaja ushirikishwaji. Lifungue neno hilo: -shiriki, -shirikisha, -shirikishwa, u-shirikishwa-ji. Mtu hashiriki, anafanywa ashiriki, tena kwa kauli ya kutendwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali nayo ilieneza upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambamo wanakijiji huibua miradi yao. Mafunzo yalikuwa mazuri. Bajeti ilibaki palepale ilipokuwa.

Haki inanitaka nitaje kisa kilichokwenda kinyume. Katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa vijiji vya pwani ya Lindi na Mtwara, Sudi kikiwa miongoni mwao, waliungana kupinga uvuvi wa baruti uliokuwa ukiteketeza matumbawe. Chombo chao walikiita Shirikisho. Mradi wa Wafini uliwasaidia, lakini hasira ilikuwa yao, na jina lilikuwa lao. Mzizi ni uleule wa ushirikishwaji. Kauli ya kutendwa haimo.

6. Sheria mbili

Sasa turudi Nyangamara. Serikali za mitaa (jina la ajabu kwa nchi ya wakulima, maana mtaa ni sehemu ya mji) zinaendeshwa kwa sheria mbili za 1982. Sheria Namba 7 inahusu mamlaka za wilaya, Namba 8 mamlaka za miji. Miji, manispaa na majiji yamo katika Namba 8. Mji mdogo je? Umo katika Namba 7, pamoja na kijiji, chini ya halmashauri ya wilaya. Una vitongoji, hauna mitaa. Kisheria mji mdogo ni mji kwa jina na shamba kwa nasaba. Ushuru unaokusanywa gulioni na kwenye mazao huenda wilayani, kisha sehemu yake hurudi ikiwa itarudi.

Hata hivyo kuna kinachobadilika mahali panapogeuka mji mdogo, nacho ni kizito. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na maamuzi makubwa hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa watu wazima wote wanaoishi hapo. Kijiji kikikoma kuwa kijiji, mkutano mkuu hukoma nacho. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, upimaji wa viwanja hufuata, na ardhi inayopimwa haisimamiwi tena na mkutano ule. Mwenye mikorosho arobaini ndani ya mpaka mpya anaweza kulala mkulima akaamka mwenye viwanja, ikiwa ana fedha za kuvilipia. Asipokuwa nazo, anaamka mpangaji, kwa ile maana ya kwanza.

Sisemi kwamba makazi haya yabaki vijiji. Barabara ya pwani, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 na sehemu ya Ndundu hadi Somanga ilipowekewa lami, imeifanya Lindi iwe karibu na Dar es Salaam kuliko wakati wowote. Mwanya huo utajazwa na mtu. Mji mdogo wenye ghala lake, ubanguaji wa mikono wa akina mama, karakana na mkopo wa msimu ungeweza kubakiza bara sehemu ya thamani ambayo sasa husafiri ndani ya magunia. Ila kwa hilo unahitaji kipande cha mapato kilicho chake kwa haki, na unahitaji njia ya kuwa mji bila kupoteza mkutano mkuu. Sheria zetu hazina jina la makazi ya namna hiyo. Sarufi yetu, kama nilivyoonyesha, inalo.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ya kazi iliyoko mezani mwetu. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1 ya 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria, na sheria kuu zinahitaji kuwekwa katika Kiswahili. Wengi wenu mlioko humu, hasa vijana, mtaitwa kufanya kazi hiyo. Mtakapofika kwenye vifungu vya makazi mtaona kuwa Kiingereza kina maneno mawili yasiyo na undugu kwa mambo ambayo kwetu ni neno moja, na mtalazimika kuamua kama mtaitenganisha familia au mtaieleza.

Mzee mmoja wa bara hiyo, niliyemweleza haya yote kwa kirefu kuliko ilivyostahili, alinisikiliza kwa adabu, akaniita Mwalimu, akasema kwamba kwao pamekuwa mji tangu babu zake, na kwamba kijiji ni jina la kwenye karatasi. Kisha akaniuliza mambo mawili: hilo gulio litabaki hapo lilipo, na ushuru wake ataupokea nani? Nilimjibu kwamba nitawauliza wenzangu chuoni. Basi nawauliza.